Uzi wa Kijani

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliwaambia ugonjwa wa kuku uliingia kwangu kwa upepo. Niliandika hivyo hivyo, mhariri akachapa, na wasomaji mkanitumia pole. Mama mmoja alinitumia hadi jina la dawa. Pole zenu zimenikaa rohoni wiki nzima zikaninyima hamu ya kula, kwa hiyo leo naanza kwa kuzirudisha. Ugonjwa haukuja kwa upepo. Niliubeba mwenyewe kichwani, ndani ya tenga, mchana kweupe.

Kwa ambaye hakubahatika kusoma, mimi ndiye Mama Vifaranga. Nilichukua mkopo mdogo kwenye kundi letu la watu kumi, nikanunua mashine ya kutotolesha mayai mia tatu, nikaiweka chumba cha nyuma. Majirani waliniletea mayai, mimi nikawarudishia vifaranga baada ya siku ishirini na moja. Mkopo ule niliumaliza bila kuchelewesha rejesho hata moja, na sifa zikanilevya. Nikaomba mkopo wa pili, mkubwa, wa mashine ya mayai elfu moja. Niliwaachia pale afisa mikopo alipokagua vifaranga wangu, akatabasamu, akasema nimepita.

Mdhamini wangu alikuwa dada yangu mkubwa. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, dada akiwa na kumi na saba, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanichapa, akanisomesha. Ni mjane. Alikuwa na kuku mia na ishirini wa mayai, na nyumba yake nzima ilikula, ikavaa na kutibiwa kwa mayai yale.

Sasa sikieni nilichokiruka.

Mtaani kwetu tulikuwa na mtindo wetu, tukiuita kuvalishana. Siku afisa anapokuja kukagua biashara yako, majirani wanaivalisha. Mwenye saluni anaazimwa kiti cha pili na kioo. Mwenye kibanda anaazimwa kreti za soda. Kreti zile zile nne zilikaguliwa kwenye vibanda vitano, na afisa akaondoka akisema mtaa huu unapenda sana soda. Hakuna aliyeona ni wizi. Tuliona ni ujirani.

Kwa mkopo ule mkubwa, afisa alitaka kuona vifaranga wasiopungua mia mbili. Mimi nilikuwa nao mia na ishirini. Nikaenda kwa Mzee Pumba, muuza chakula cha kuku, ambaye ni mwenzetu kwenye kundi na anafuga kidogo nyuma ya duka lake.

"Mzee wangu, nivalishe kesho."

"Nina themanini," akasema. "Chukua. Lakini wanapiga chafya tangu juzi, sijui ni vumbi la pumba. Waache kwenye tenga lao. Usiwachanganye na wako."

"Nimekuelewa."

"Binti, sikiliza. Usiwachanganye."

"Mzee, nimesikia. Mimi si mtoto mdogo."

Mzee Pumba ni mtu wa tahadhari. Alikuwa amemfunga kila kifaranga uzi wa kijani mguuni, kwa sababu mwaka uliopita alimwazima mtu majogoo sita akarudishiwa matetea sita. Nikajitwisha tenga nikaenda zangu.

Asubuhi yake afisa akafika na kalamu yake nyekundu. Akainama juu ya bruda, lile boksi langu kubwa la mbao lenye taa ya joto, akahesabu. Kisha akaliona tenga pembeni.

"Na hawa je?"

"Wangu pia."

"Mbona umewatenga? Wanaumwa?"

Jamani, mnajua swali lile lilikuwa na uzito gani. Ningesema wanaumwa, mkopo umekufa. Ningesema si wangu, umekufa vilevile. Mwenyekiti wa kundi, fundi cherehani mwenye macho makali kuliko sindano zake, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Waumwe nini!" nikacheka. "Nilikuwa nafagia tu."

Nikainua tenga, nikawamimina wote ndani ya bruda mbele ya macho yake. Vifaranga wakavamiana, wakachanganyika, wakawa mia mbili.

"Na hizi nyuzi za kijani?"

"Alama ya daraja la kwanza," nikamjibu bila kupepesa. Sijui hata nilikotoa. Afisa akaandika kwenye daftari lake, daraja la kwanza.

Alipoondoka nilianza kuwakamata wa Mzee Pumba mmoja mmoja. Nikapata sabini na wanane. Wawili walikuwa wamezama katikati ya wenzao, nikatafuta mpaka kiuno kikaniuma, nikachoka. Nikampelekea mzee vifaranga wake, nikamwambia wawili wamekanyagwa na wenzao wakafa. Nikamlipa thamani yao papo hapo. Alinionea huruma, akanipunguzia.

Siku ya tano nilimkuta kifaranga mmoja amepinda shingo, anazunguka mahali pamoja. Sikuhitaji daktari. Dada alinifundisha nikiwa mdogo, tulipopoteza kuku wote wa marehemu mama, kwamba kuku akipinda shingo hivyo ni kideri, na kideri kikiingia bandani hakiachi kitu. Kufika jioni walikuwa wamekufa kumi na mmoja. Niliwazika nyuma ya choo kwa jembe la kuazima.

Siku ya sita, wote wakaja kwa pamoja. Afisa alikuja na fomu ya mdhamini, mwenyekiti alikuja kushuhudia, na dada akaja na boksi la katoni. Alikuwa ameagiza kwangu vifaranga hamsini wa kurithi nafasi ya kuku wake waliokuwa wanazeeka.

"Mdogo wangu, wanangu wako tayari?" akaita toka uani. "Nimeshawaandalia pembe yao bandani. Nimeweka na taa."

"Dada, waache kwanza wiki moja."

"Kwa nini tena?"

Afisa akainua kichwa kutoka kwenye fomu. "Kuna tatizo?"

Nilimtazama afisa. Nikamtazama mwenyekiti. Nikaitazama ile fomu, yenye nafasi moja tu tupu, ya sahihi ya dada. Ulimi ulikuwa tayari umeshika neno, naapa, neno lilikuwa mdomoni.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Nitawakumbuka tu."

Wote wakacheka. Dada akanipiga begani kwa upendo.

Niliingia chumba cha nyuma na boksi lake. Kupata hamsini waliosimama sawasawa haikuwa rahisi. Nilikuwa namwinua mmoja, namtazama shingo, namrudisha, nachukua mwingine. Nilichagua wanaotembea vizuri, nikijidanganya kwamba anayetembea ni mzima. Wenye nguvu kuliko wote walikuwa wawili, wanarukia vidole vyangu kabisa. Nikawatazama miguu. Uzi wa kijani.

Nilichukua wembe niwakatie zile nyuzi.

"Mama Vifaranga, tunakusubiri!" afisa akaita. "Nina mitaa mingine mitatu leo."

Nikaurudisha wembe juu ya rafu. Wale wawili nikawatia boksini kama walivyo, hesabu ikatimia hamsini.

Dada akafungua kidogo akachungulia. "Ee! Umeniwekea na wenye uzi? Afisa ameniambia hao ndio daraja la kwanza."

"Ndio hao, dada."

"Mungu akubariki. Nisaini wapi?"

Meza haikuwepo. Dada akaiweka fomu juu ya kifuniko cha boksi lake, akalishika kwa mkono wa kushoto, akasaini kwa wa kulia. Vifaranga walikuwa wanaparura ndani na karatasi ikawa inacheza.

"Hebu tulieni kidogo nyie," akawaambia, "namsainia mama yenu."

Afisa alicheka. Mwenyekiti alicheka. Na mimi nilicheka, wasomaji wangu. Nilicheka kwa sauti.

Pale mlangoni dada akageuka. "Chanjo nitawachanja mwezi ujao pamoja na wale wakubwa. Muda wao ulishapita, lakini pesa ya chanjo si ndiyo ile niliyokuongezea kwenye akiba ili ufikie kiwango cha mkopo?"

"Ndiyo, dada. Nitakurudishia."

"Nani amekudai? Fanya kazi."

Akajitwisha boksi akaondoka. Nilimtazama mpaka akakata kona ya mwenye saluni. Ilikuwa nafasi ya kumkimbilia, hata baada ya kusaini, nimwambie atupe boksi zima. Nilisimama pale pale nikijiambia labda hawa ni wazima.

Mkopo ukatoka. Mashine ikaja kwa mkokoteni, watu wakaisindikiza, watoto wakaigusa. Siku ya nane tangu dada asaini, akanipigia simu. Hakusema kitu zaidi ya jina langu la utotoni.

Nilimkuta amekaa chini katikati ya ua, miguu ameinyoosha mbele. Kuku walikuwa wamelala kila mahali. Wengine walikuwa bado wanapapatika, shingo zimepinda, midomo iko wazi. Mkwe wake, mke wa mwanawe dereva wa malori, alikuwa anawaokota na kuwatia kwenye gunia. Ana mimba ya miezi saba, na kila akiinama anashika kiuno.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nimemkosea nani?"

Nilikaa karibu yake nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea banda.

"Nimefikiria tangu alfajiri," akaendelea. "Hawakutoka nje. Hakuna mgeni aliyeingia. Kitu kipya kilichoingia humu ni wale vifaranga wako, na nilipowachukua niliwaona kwa macho yangu, wazima. Halafu kuna magunia."

"Magunia gani?"

"Muulize huyo."

Mkwe akasimama wima. "Mama mdogo, nilinunua pumba kwa yule wa sokoni kwa sababu ni nafuu. Alinipa kwenye magunia mawili ya zamani. Lakini niliyachemsha. Mama aliniona nikiyachemsha."

Dada akanigeukia. Mimi ndiye mtaalamu wa ukoo, mwenye mashine, mwenye cheti cha semina ya siku mbili kimetundikwa ukutani.

"Wewe unajua mambo haya. Magunia ya zamani yanaweza kuleta kideri?"

Msomaji, swali hilo lina jibu la kweli. Nililisoma kwenye semina. Jibu ni kwamba yanaweza.

"Yanaweza," nikasema.

Neno moja tu, na ni la kweli. Ningedanganya labda ningepata dhambi ndogo zaidi.

"Mama mdogo," yule binti akasema, "niliyachemsha. Sema kitu."

"Mimi sijui yote, mwanangu."

Dada hakupiga kelele. Alimwambia tu aende kwao kwanza, apumzike, mume akirudi safari wataongea. Kila mtu pale alijua maana yake. Mimi ndiye niliyemsaidia kukunja nguo. Nilimkunjia na zile nguo ndogo ndogo za mtoto alizokuwa ameanza kununua, soksi zikiwa bado zina karatasi ya dukani. Nikambebea begi mpaka njia panda.

"Asante, mama mdogo," akaniambia. "Wewe tu ndiye uliyenisindikiza."

Mumewe alipiga simu kutoka safarini, akaambiwa mke wake ameingiza ugonjwa nyumbani. Nasikia alisema tu atashughulikia akirudi. Hajarudi mpaka leo ninapoandika haya, lori lake limekwama mpakani.

Mnafikiri mimi nilistawi? Watu kumi na wanne walionunua vifaranga kwangu mwezi ule walipoteza kuku. Kila mmoja alikuja na maiti kwenye mfuko akaniwekea mlangoni. Wengine walitukana, wengine waliweka tu wakaondoka. Dada alidhani ugonjwa ulitoka bandani kwake ukanifikia mimi, nami sikumsahihisha. Hakuna aliyeniletea yai tena. Ile mashine ya elfu moja ilinguruma wiki mbili ikiwa na joto safi na ndani haina kitu, nikaizima kwa sababu ya umeme. Marejesho yetu ni ya kila wiki; ya kwanza nikaokoteza. Ya pili nikakopa. Ya tatu, ya nne na ya tano sikuonekana kwenye kikao.

Kundi letu lina utaratibu mmoja ambao niliusifu sana enzi zangu. Mtu akishindwa, wanakwenda kuchukua mali kwa mdhamini wake. Lakini kundi halibishi hodi. Anayebisha ni yule aliyeshindwa, anatangulia mbele ya wenzake wote, na ni lazima aseme kwa mdomo wake, "Nimekuja kuchukua." Bila hivyo hawaingii. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama nyuma ya muuza mkaa siku anabisha kwa baba mkwe wake, nikamsukuma kiunoni nikamwambia aseme kwa sauti, tuna kazi nyingine.

Basi Jumanne asubuhi tukatoka. Mimi mbele. Mwenyekiti, afisa, Mzee Pumba na wengine sita nyuma, na mkokoteni. Tulipita mbele ya saluni, vikaushio vikazimwa ili wateja wasikie vizuri.

Nilibisha.

Dada akafungua. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia mabegani. Ua ulikuwa umefagiliwa mistari mistari.

"Sema," mwenyekiti akanisukuma kiunoni.

"Dada," nikasema. "Nimekuja kuchukua."

"Najua, mdogo wangu. Karibuni ndani."

Hakuna tusi duniani lingeniumiza kama ile karibuni. Alikuwa amekwisha kutoa vitu nje ili tusipate shida. Kabati la vyombo, redio, kitanda cha chumba cha mwanawe, mabati ya banda aliyoyang'oa mwenyewe na kuyapanga. Alitaja kimoja kimoja, na afisa akawa anapiga mstari kwa kalamu yake nyekundu. Alipofika mwisho akakohoa.

"Mama, bado kidogo haijatosha."

"Nilifikiri hivyo," dada akasema. Akaingia jikoni, akatoka na kuku wawili, kila kwapa mmoja. Walikuwa wamekua, manyoya yanang'aa, wekundu wa vilemba ndio unaanza kuchomoza. "Katika wote, hawa ndio waliobaki. Sijui walipona vipi. Nilitaka wao ndio waanzishe banda upya, lakini chukueni. Ni wa daraja la kwanza."

Akamwinua mmoja, akatuonyesha mguu.

"Huu uzi nimekuwa nikiulegeza kila wanapokua, usije ukawakata. Sikuutoa. Nilijua ni alama ya mdogo wangu."

Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka kwa furaha. Alikuwa Mzee Pumba.

"Ala! Kumbe wale wawili wangu wapo!" Akasogea, akavaa miwani, akamshika kuku mguu. "Uzi wangu huu huu. Fundo ni langu. Wewe si uliniambia wamekanyagwa? Wenzao sabini na wanane wote walikufa wiki ile ile, nikasema hakuna aliyesalia."

"Walikufa na nini, mzee?" dada akauliza.

"Kideri, mama. Walianza na chafya. Lakini nilimwambia huyu, nilimwambia mara mbili, wasichanganywe na..."

Akakoma. Mzee wa watu alikuwa ametazama uso wa dada. Akavua miwani yake, akaikunja polepole.

Afisa alianza kupekua daftari lake kama mtu aliyepoteza kitu.

"Ulijua lini?" dada akaniuliza.

"Dada, nilitaka ku..."

"Nakuuliza siku. Ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema baadaye. Ningeweza kulia, maana kulia kumeniokoa mara nyingi mbele yake. Sijui kwa nini siku hiyo mdomo ulikataa kunisaidia.

"Siku moja kabla hujaja na boksi."

Dada akatingisha kichwa kidogo, kama mtu anayepewa bei ya kitu. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Aliwaweka chini wale kuku wawili mbele ya mkokoteni, akawafunga miguu kwa kamba, akanyoosha mkono kwa afisa.

"Karatasi."

"Mama, kama kuna malalamiko, tunaweza kusimamisha kwanza tu..."

"Nilisaini kumdhamini. Lete karatasi."

Akasaini kwamba ametoa vyote kwa hiari. Karatasi haikucheza, boksi la vifaranga halikuwepo safari hii. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Utaratibu wenu unasema aliyeshindwa ndiye anayebisha hodi. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

"Na anasema kwa mdomo wake."

"Ndiyo."

"Basi bado kuna mlango mmoja." Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya kutokea. Mkononi alikuwa na mfuko wenye shuka jipya na sabuni ya mtoto. Nilielewa wakati ule kwamba alikuwa amevinunua zamani, kabla ya kuku kufa, na kwamba hakuwahi kuviuza pamoja na vingine. "Mwezi na nusu nimemweka mtoto wa watu kwao kwa kosa ambalo si lake, na sijampigia simu hata mara moja. Alinipigia mara mbili, nikaiacha ikalia. Huyu atabisha. Mimi nitasimama nyuma yake."

"Dada, nakuomba, twende wawili tu. Si mbele ya..."

"Mlikuja wangapi kwangu?"

Tukaenda wote. Hata mkokoteni ulitufuata, mwenye mkokoteni hakutaka kukosa. Kwa wazazi wa yule binti ni mtaa wa tatu, nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba yenye mlango wa bluu. Njia nzima dada alinifuata hatua kwa hatua. Nilikuwa nasikia viatu vyake nyuma yangu na nikawa najifundisha maneno. Mwanangu, si magunia. Mwanangu, ni mimi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nimeyarudia mara ishirini, na moyoni, Mungu anisamehe, kulikuwa na kaupande kalikokuwa kanatafuta namna ya kuyapunguza.

Madirisha yalikuwa yamefungwa yote, saa tano ya asubuhi na jua lile. Nje kulikuwa na pikipiki mbili zimeegeshwa na viatu vingi vya wanawake mlangoni.

"Bisha," dada akasema.

Nikainua mkono. Kabla haujagusa mbao, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama yake binti, mikono imelowa mpaka viwiko, gauni limelowa mbele. Ndani nyuma yake palikuwa na watu wengi wamesimama, na sikusikia sauti ya mtoto wala ya mtu mzima.

Akanitazama mimi. Akatazama kundi lote, na mkokoteni. Mwisho akamwona dada na ule mfuko wa sabuni.

"Mmejuaje?" akauliza. "Hata simu ya msiba hatujapiga bado."